Alisema Anampenda, Akapigiwa Kengele

"Nakupenda," Mkunga alisema. "Yaani, nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa."

Ting!

Jamani, mkono wa kijana aliyeambiwa haukumuuliza mwenyewe! Walikuwa mlangoni mwa darasa la chekechea, ambamo vijana wa klabu ya hotuba hukutana kila Jumamosi alasiri, wamejikunja kwenye viti vya watoto. Kijana huyu, fundi umeme, alikuwa na kazi moja pale. Mzungumzaji akiteleza na "aaa" au "yaani", yeye anabonyeza kengele ndogo ya mezani. Ndiyo maana wote walimwita Kengele, kama Mkunga na Kinyozi walivyoitwa kwa kazi zao. Siku hiyo alikuwa nayo kiganjani, anaipeleka kabatini, na msichana wa watu kasema "yaani". Mazoea yakafanya kazi yake.

Kinyozi, aliyekuwa anapanga viti na wenzake nyuma yao, akaangua kicheko mpaka akakaa chini, nao wakacheka.

"Loo! Kengele, kaka, hata hiyo umeihesabu?"

Mkunga hakucheka. Alimtazama Kengele, akingoja neno. Lolote lingetosha, hata "samahani", hata "mimi pia". Kengele akabaki anamtazama tu. Mkunga akautupa mkoba begani, akampa kisogo.

*

"Rudia," dada yake Kengele alisema, pasi ikiwa hewani. "Mwanamke kakwambia anakupenda."

"Ndiyo, dada."

"Wewe ukampigia kengele."

"Mkono ulitangulia."

"Ulitangulia kwenda wapi? Umempoteza wifi yangu hivi hivi, mchana kweupe! Kwanza, unampenda au humpendi?"

"Nampenda, dada. Akiingia tu pale darasani nasahau hata nilichokuwa nawaza."

"Umewahi kumwambia?"

Kengele akaanza kukunja shati lililokwisha kupigwa pasi.

"Mdogo wangu, tangu umejiunga na hiyo klabu, umetoa hotuba hata moja?"

"Mimi ni wa kengele."

"Wewe ni mwoga, umejificha nyuma ya kengele. Hebu ondoka mbele yangu, nitaunguza shati la watu."

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Mtu huyu hupanda nguzo za umeme upepo ukivuma, anapiga na mluzi huko juu. Lakini mwambie asimame mbele ya watu aseme kilicho moyoni, atatafuta mlango wa kutokea.

Akamwandikia Mkunga ujumbe: "Nisamehe. Sikukusudia."

Jibu lilikuja baada ya kumweka roho juu siku nzima.

"Usijali. Jumamosi natoa hotuba yangu ya mwisho hapo. Baada ya hapo naaga klabu."

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakatwa.

*

Jumamosi ilipofika, ubaoni paliandikwa: UJASIRI WA KILA SIKU. Kengele alimfuata mwenyekiti, ambaye ndiye mwalimu wa chekechea, akamwomba aachishwe kazi ya kengele. Kinyozi akaidaka kwa furaha.

Mkunga aliposimama, darasa lilitulia.

"Nataka kuwaambia habari za mama mmoja aliyejifungua mtoto wake wa kwanza," alianza. "Wodini wamejaa mama mkwe, mawifi, mashangazi, wote wanamsifu kwamba mtoto ananyonya vizuri. Yule binti akanishika mkono, akasema kwa sauti, 'Hanyonyi. Sijui kumnyonyesha. Nifundishe.' Wifi mmoja akacheka. Binti hakuinamisha uso. Alinikazia macho mimi, akangoja nimfundishe. Jamani, nimeona wanawake wakivumilia makubwa kwenye kazi hii, lakini siku ile nilimvulia kofia yule binti. Mtoto alinyonya, akalala na maziwa mdomoni."

Akavuta pumzi.

"Na mimi nilichekwa hapa Jumamosi iliyopita. Niliumia, sitawaficha. Ila nilichosema kilikuwa kweli, na sijutii."

Kengele alimtazama akajiona mdogo. Huyu mwanamke alichekwa mlangoni hapo hapo, karudi kwa miguu yake mwenyewe, kasimama mbele ya walewale, na sauti yake haikuyumba. Makofi yalikuwa bado yanapigwa Mkunga alipochukua mkoba wake. Zamu ilimngoja wodini. Akitoka, ndiyo basi.

"Mwenyekiti! Naomba nafasi."

"Kengele? Wewe?"

Akaenda mbele.

"Mimi, aaa..."

Ting! Darasa zima likacheka.

"Mimi, yaani..."

Ting! Kicheko kikazidi. Angeweza kurudi kukaa. Mkunga alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Gonga tu, kaka," akamwambia Kinyozi. "Leo nitasema hivyo hivyo. Huyu dada aliyeko mlangoni aliniambia neno ambalo mimi, aaa, nimelikalia mwaka mzima kwa woga. Hapa nimehesabu makosa ya kila mtu ili pasiwe na wa kuhesabu yangu. Mkunga, nakupenda. Yaani, nakupenda sana. Nisamehe kwa kukuacha uchekwe peke yako."

Kinyozi mwenyewe aliacha kugonga. Hakuna aliyecheka tena.

Mkunga akaachia kitasa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Njoo nje."

Kule nje Mkunga hakumung'unya maneno.

"Uliniumiza."

"Najua."

"Hujui. Unadhani ni kengele. Kengele ningeicheka hata mimi! Niliumia uliponyamaza. Nilikusubiri, ukanitazama tu kama mgeni."

"Sitanyamaza tena."

"Hayo ni maneno."

"Basi nipime."

"Sawa." Mkunga akatoa simu, akapiga, akaweka spika. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujaingia zamu?"

"Naingia sasa hivi. Kuna mtu hapa anataka kukusalimia."

Akamkabidhi simu. Kengele aliipokea kwa mikono miwili.

"Shi... shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni fundi umeme, mzee. Aaa... nampenda binti yako. Yaani, naomba nije nyumbani unione."

Mkunga alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamemjaa machozi, haijulikani ya kicheko au ya kulia.

"Mbona sauti inatetemeka, kijana?"

"Naogopa, mzee."

"Na bado unasema?"

"Nasema, mzee."

Mzee akacheka taratibu.

"Babu yake huyo aliniuliza hivyo hivyo nilipokwenda kumwomba mama yake. Njoo kesho mchana. Na usinyamaze ukifika, maana mama yake hapendi mwanaume bubu."

Simu ikakatika. Mkunga akamshika mkono mbele ya klabu nzima, iliyokuwa imejazana dirishani, wakaongozana kuelekea hospitali.