Ndugu Yangu Alimfuta Mama

Nina miaka arobaini na minne. Ni mwalimu wa sekondari hapa Likoni, na shahada yangu ya chuo kikuu nimeitia fremu nikaitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba mwanamke aliyepindua meza ya kanda mchana kweupe pale Magongo hakuwa mlevi wala hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mimi!

Kuna jambo nimelikana kwa miaka. Kila jamaa aliponiuliza, nilijibu kwamba nimemsamehe ndugu yangu Mbarak. Nimelisema harusini, nimelisema matangani, nimelisema siku ya Idi mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nilikuwa naongopa... Sijamsamehe. Nikimwona anakuja upande huu wa barabara, moyo wangu bado huchemka kama sufuria ya maharagwe iliyosahauliwa motoni.

Mtanihukumu mwisho. Nisikilizeni kwanza.

Tulizaliwa watatu katika nyumba ya Mama, Kisauni. Mimi Rukia ndiye mkubwa, kisha Zuhura, kisha Mbarak, kitinda mimba aliyelelewa kama yai. Zuhura aliolewa Maskati mwanzoni mwa miaka ya themanini, ndio kwanza mimi nimerudi kutoka chuoni, kichwa kimejaa vitabu na shingo imesimama. Mama hakujua kuandika. Simu ya ng'ambo ilikuwa ya matajiri. Basi tukafanya kama walivyofanya wengi wenye jamaa Uarabuni: tukazungumza kwenye kanda, tukampa msafiri.

Lakini mimi sikuridhika na salamu za juu juu. Nilikuwa nimesoma, bwana! Nikataka kuwe na mpango. Kila mwezi, Ijumaa baada ya alasiri, nikatandika mkeka, nikaweka redio ya kurekodia katikati, nikafungua kwa sauti ya puani kama mtangazaji: "Hii ni Idhaa ya Nyumbani, kutoka Kisauni..." Nikasoma habari: nani kaposwa, nani kazaa, mbuzi wa nani kala nguo za nani kambani. Halafu nikamkaribisha Mama.

Siku ya kwanza Mama aliitazama redio kama anayemtazama mwizi.

"Mie niseme na bati, Rukia? Nalo litanijibu nini?"

"Atajibu Zuhura, Mama, huko Maskati."

"Basi akija ntamwambia mwenyewe."

Ilimchukua miezi kuzoea. Alipozoea, hakunyamazika! Alieleza jinsi Baba alivyomposa na kukataliwa, akaposa tena. Alieleza habari za bibi yake aliyekuwa akisuka mikeka gizani kwa kupapasa. Alimfundisha Zuhura kupika mchuzi wa samaki wa tasi, akasahau chumvi, akarudi nyuma, akagombana na jirani dirishani, akarudi tena kwenye mchuzi. Na mimi, mtangazaji wenu msomi, nilikuwa nikimkatiza: "Mama, turudi kwenye mada."

Turudi kwenye mada! Leo ningetoa jicho moja nimsikie akitoka kwenye mada.

Upande wa pili wa kila kanda Zuhura alirekodi majibu yake, akairudisha na msafiri. Ikifika, nilivunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asiweze kurekodi juu yake hata kwa bahati mbaya. Nikaandika tarehe kwa kalamu nyekundu, nikaiweka ndani ya bati la biskuti uvunguni mwa kitanda cha Mama. Miaka ikapita. Mimi nikaolewa Likoni, lakini sikukosa Ijumaa yangu. Bati likajaa, tukatafuta la pili.

Mama alianza kuugua mwaka wa tisini. Ijumaa ya mwisho alikuwa amelala, sauti yake nyembamba, lakini ulimi ni uleule. Akaniambia nibonyeze redio kisha nitoke.

"Nitoke, Mama?"

"Toka. Leo nasema na wanangu, si na mtangazaji. Utalisikia neno lako humo humo pamoja na wenzio, ikirudi."

Nilitoka, nikafunga mlango. Nikamsikia akinong'ona muda mrefu, lakini sikutega sikio. Wallahi sikutega! Kanda ile nikaifunga bila kuisikiliza, nikaituma kwa Zuhura, maana kwanza yeye ndiye aliyekuwa mbali. Mama akafariki kabla haijarudi.

Zuhura aliniambia baada ya mazishi kwamba Mama alikuwa amesema neno kwa kila mmoja wetu. Nikamsihi aniambie langu. Akakataa. "Utalisikia kwa sauti yake mwenyewe, Da Rukia. Mimi sitaliharibu kwa yangu. Niache nikae nayo kidogo tu, nitairudisha." Nilimwelewa. Yeye hakuwahi kumzika mama yake, ndege haikungoja. Nikamwachia.

Nyumba ya Kisauni ikabaki na Mbarak. Mabati ya kanda nikayaacha palepale uvunguni. Niliona vitu vya Mama vikae kwa Mama... Upumbavu ulioje!

Wakati huo Mbarak alikuwa amejaribu kila biashara na kila biashara imemkataa. Mara akachangamka. Akafungua kibanda cha kanda na redio huko Magongo, akaanza kuvaa saa ya dhahabu isiyo ya dhahabu. Sote tulimshukuru Mungu. Mimi nilimwombea dua, mikono yangu hii miwili!

Siku moja nilikwenda Magongo kuchukua mapazia kwa fundi wa cherehani. Fundi alikuwa na redio yake rafuni, taarab inalia, wanawake wawili wamekaa kwenye benchi wanangoja nguo. Wimbo ukaisha. Kanda ikaendelea kuzunguka, kukasikika mvumo mtupu. Halafu...

Halafu Mama yangu akasema: "Na mtoeni paka huyo, ataka kula tasi zangu!"

Na sauti nyingine, ya puani, yenye kiburi cha shahada, ikamjibu: "Mama, tunarekodi!"

Kanda ikakata. Wale wanawake walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko. Fundi naye anapangusa machozi.

"Hapo ndipo tunapopangojea, mwalimu," akaniambia. "Wimbo wenyewe tumeshauchoka. Ni huyu Bi Paka ndiye anayetuweka mjini!"

"Na huyo mwingine," akadakia mmoja wa wanawake, akiiga sauti yangu, "eti 'tunarekodi'! Sijui alikuwa anamrekodia mfalme gani!"

Sikucheka. Nikamwuliza fundi kanda ile kaipata wapi.

"Kwa Mbarak, hapo mbele barabarani. Kanda zake madhubuti, za Uarabuni hizi, hazimezwi na redio. Anatia nyimbo mwenyewe."

Nikaomba kuishika. Karatasi ya jina la wimbo ilikuwa imebandikwa juu ya karatasi nyingine. Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kalamu nyekundu... mwandiko wangu! Nikaigeuza mgongo. Yale matundu mawili niliyoyaacha kwa kuvunja plastiki yalikuwa yamezibwa kwa plasta ya kidonda, imekatwa vizuri kwa makasi.

Mnaelewa maana yake, wasomaji? Kanda iliyovunjwa haikubali kurekodiwa. Redio inagoma. Inakwambia: hapa pana kitu cha mtu, acha! Ndugu yangu aliambiwa hivyo na redio, akaenda akatafuta plasta. Akakaa kitako, akakata, akabandika, akabonyeza. Na kanda iliyofuata, akakata, akabandika, akabonyeza. Hilo si bahati mbaya! Mtu anateleza mara moja, hatelezi bati zima!

Nilimkuta kibandani anahesabu betri.

"Shikamoo, Da Rukia! Leo umetuheshimu..."

"Kanda za Mama ziko wapi?"

Akaniangalia, akaangalia kanda iliyokuwa mkononi mwangu, na nitamsifu kwa hili moja: hakujisumbua kudanganya.

"Dada, Mama ameshatangulia mbele ya haki. Kanda zitamrudisha? Zilikuwa zinashika ukungu tu uvunguni."

"Zote, Mbarak?"

"Kanda mpya ni ghali, na hizo zilikuwa nzuri. Nilikuwa na shida. Ungekuwa na shida kama yangu usingeuliza."

"Zote?"

"Zote! Basi! Kwani zilikuwa na nini? Paka na mchuzi!"

Sikumbuki nilivyoishika meza. Nakumbuka kanda zikimwagika barabarani kama dagaa kutoka kwenye pakacha, na mimi nimepiga magoti kwenye vumbi la Magongo nikigeuza moja baada ya nyingine kutafuta plasta. Buibui limenivuka, watu wamejaa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, si yule ni mwalimu wetu wa Kiingereza?" Ndiye, mwanangu. Ndiye mwalimu wako wa Kiingereza.

Ami Said, mdogo wake marehemu Baba, akatuita Kisauni tusuluhishwe. Alikaa kwenye kiti, sisi wawili chini, kila mmoja ameutazama ukuta wake.

"Rukia, mwanangu," akasema Ami, "watu wagombana kwa mashamba. Wagombana kwa mirathi. Wewe wagombana na nduguyo kwa kanda?"

"Ami, shamba likienda, lingine lipo."

"Na nduguyo akienda?"

Ami akazidi kubembeleza, na mimi, kwa kuwa nampenda mzee huyu, nikatoa neno langu. Nikasema bado ipo kanda moja duniani, ile ya mwisho, iko kwa Zuhura. Humo Mama kasema nasi sote. Ikifika mkononi mwangu salama, nitampa Mbarak mkono, na nitampikia biriani, na sitalitaja jambo hili mpaka naingia kaburini. Isipofika, asinitafute.

Ami akamgeukia. "Umesikia, Mbarak?"

Mbarak alikuwa akichezea ukindu uliochomoka mkekani. Akaitikia taratibu, kwa adabu zote:

"Nimesikia, Ami. Inshallah itafika. Zuhura ni mtu wa kutunza vitu."

Nikamwandikia Zuhura siku ileile. Nikamwomba asiitume kwa mtu yeyote, anipigie kwanza simu, Jumamosi asubuhi, katika ofisi ya shule. Nikaanza kuingoja Jumamosi hiyo.

Niliwaambia mtanihukumu mwisho, na simu ndiyo hii inakuja. Lakini kabla haijalia nina ombi kwenu, na ninaliomba kwa hasira kwa sababu sina tena njia nyingine ya kuliomba. Ninyi mnaotunza habari za nyumbani kwenu, kwa kanda, kwa picha, kwa vyovyote vile: msiziweke chini ya kitanda kimoja! Toeni nakala. Mpeni shangazi, mpeni jirani, mpeni hata adui, lakini iwepo ya pili. Msidhani kwamba mliolala tumbo moja mnaona thamani moja. Mimi niliona mama yangu, yeye aliona kanda tupu zenye kelele ndani. Na mzee akizungumza, mwacheni azungumze! Akitaka kusema juu ya paka, na aseme juu ya paka. Mada ni yeye.

Mkishindwa kuyafanya hayo, basi mtakuja kupiga magoti Magongo kama mimi, na watu watawacheka, na watakuwa na haki.

Jumamosi simu ililia. Karani wa shule alikuwa ametoka, nikaikamata kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno langu likinirudia.

"Zuhura! Unayo? Niambie unayo!"

Nikaibana simu sikioni. Nikadhani laini imekatika.

"Da Rukia... barua yako nimeisoma mara tatu, siielewi. Kwani si ulimtuma Mbarak aichukue?"

"Nilimtuma nani?"

"Mbarak. Alipokuja mwaka jana kununua redio zake, alilala hapa kwetu. Alisema umemtuma, unaitaka haraka. Nikampa. Nikampa na nyingine zote ambazo sikuwa nimezirudisha, mfuko mzima. Hakukufikishia? Da Rukia? Hakukufikishia?"

Nilikalia meza ya karani. Nje wanafunzi wa bweni walikuwa wanafagia uwanja, wanaimba.

"Zuhura," nikasema, "niambie neno langu. Mama alisema nini juu yangu?"

Alikuwa ameanza kulia.

"Wewe alikuweka mwisho. Alianza kwa kucheka... alicheka sana, akasema 'Na Rukia wangu...'"

"Halafu?"

"Sikumbuki tena, dada. Niliisikiliza mara moja tu, nami nilikuwa nalia. Nilijua tutakuja kuisikiliza pamoja."