Mtu wa Kuambiwa

Mwezi wa tatu mwaka 1957, mvua ya Mbeya ikiwa haijui kukoma, lori la mbao kutoka Mafinga lilisimama mbele ya soko. Kijana mmoja akaruka kutoka juu ya mzigo. Yeye aliruka vizuri, lakini suruali yake ilinaswa na msumari wa bodi ikapasuka, kuanzia gotini hadi mahali ambapo heshima inanizuia kupataja. Soko zima lilicheka. Wauza viazi walicheka, wachukuzi walicheka, hata mama mmoja mfiwa aliyekuja kununua sanda alijifunika uso kwa khanga mabega yakimtikisika.

Kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja palikuwa na cherehani sita. Tano zilikuwa za wanaume, nao waliachia pedali ili wacheke vizuri. Ya sita ilikuwa ya Tupokigwe, binti wa Tukuyu aliyefundishwa kushona na masista wa misheni. Siku hiyo alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe na sweta ya kijani juu yake, na kichwani kitambaa chekundu. Hakucheka. Alinyoosha kidole tu kuelekea pazia la nyuma.

"Kaka, pita pale. Vua, unirushie."

"Na mimi nibaki na nini, dada?"

"Baki na haya zako."

Akamrushia khanga. Kijana akajifunga, akachungulia pembeni mwa pazia, akamwona anavyouma uzi kwa meno.

"Unaitwa nani, dada?"

"Mtu asiye na suruali haulizi watu majina."

"Basi nitasema langu. Jailos. Fundi seremala, Mlandege, Iringa. Nimeleta mabenchi ya kanisa kwa lori lile. Wazee wananisubiri, na sasa nimeingia mjini kwenu kwa aibu."

"Aibu umeshaimaliza yote leo. Kuanzia kesho utaishi vizuri."

Jailos alirudi Mbeya mara tatu katika miezi miwili, na kila mara ana nguo iliyochanika. Mara ya tatu Tupokigwe aliinua lile shati akaligeuza kwenye mwanga.

"Jailos, msumari gani huu unaokata mstari ulionyooka hivi?"

"Msumari wa Kibena, wa kabila letu," akasema Jailos, na hapo ndipo Tupokigwe alipocheka, na mambo yakaanza.

Mwaka mmoja baadaye yalikuwa yamefika mbali. Mzee Asukile, baba yake Tupokigwe, alikuwa amekubali posa. Ng'ombe wangepelekwa kwake Tukuyu Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa nane. Na kwa watu wa kule, ng'ombe wakishaingia zizini kwa baba, neno limekwisha. Msichana akibadili mawazo baada ya hapo, anabadili peke yake. Mzee alimwambia bintiye waziwazi: "Ukiwa na shaka, nitumie simu ya maandishi kabla ya Jumamosi. Ikipita hiyo, usinililie."

Shaka ilitoka wapi? Wiki tatu kabla ya siku hiyo kwaya ya Jailos ilialikwa kuimba Nairobi. Walikaa siku tano, wakarudi. Na siku mbili kabla ya Jailos kupata nafasi ya kupiga simu, bahasha yenye muhuri wa posta ya Nairobi ilifika dukani, imeandikwa jina la Tupokigwe na anwani yote barabara. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na picha.

Jailos yumo barabarani Nairobi, magari nyuma yake, koti lake la sufu limefungwa vifungo vyote. Amemshika mkono msichana mrefu aliyevaa gauni la maua. Jailos anacheka.

Lazima nieleze kidogo, maana siku hizi watu hawajui. Wakati ule, iwe Mbeya iwe Iringa, hata mume na mke wa ndoa hawakushikana mikono njiani. Mume alitangulia, mke akafuata na mzigo wake. Mwanamume aliyemshika mwanamke mkono mchana kweupe, mbele ya magari, huyo amekwisha kufanya kila kitu kingine. Tupokigwe aliiangalia picha mpaka chai ikapoa. Alikuwa na wivu kwa asili, simfichi. Alikuwa akimwonea wivu hata bibi kizee aliyemfulia Jailos mashati. Sasa wivu ulimzidi hasa, akashona mikono miwili upande mmoja wa shati la watu.

Siku mbili baadaye simu ya dukani ililia. Mwenye duka akapaza sauti: "Iringa!"

"Haloo, mpenzi! Nimerudi salama!"

"Naona."

"Unaonaje nawe uko Mbeya?"

"Naona umerudi na meno yako yote. Ulikuwa ukiyaonyesha."

"Tupo, unaumwa?"

"Nani alikushika mkono Nairobi?"

Jailos alinyamaza. Hakunyamaza kwa hatia, maskini. Alikuwa akijiuliza habari hii imemfikiaje. Lakini kwenye simu kimya ni kimya tu, nacho kilimwumiza Tupokigwe kuliko picha.

"Mkono? Ile... ile ilikuwa amri ya mwalimu."

"Amri ya mwalimu! Na kucheka, aliamuru nani?"

"Dakika tatu zimekwisha," akasema mtu wa mitambo ya simu, kisha akaongeza kwa upole, "dada, mwache kwanza aeleze."

"Mwoe wewe!" akasema Tupokigwe, akakata simu.

Alhamisi asubuhi, siku mbili tu kabla ya ng'ombe, alipanda basi la Iringa. Vumbi la Igawa na la Makambako lilimpaka hakulifuta, na misonobari ya Sao Hill ilipita hakuiona. Jioni alifikia Mlandege kwa mama yake mdogo, Tekla, akakataa kula. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, kitambaa chekundu kichwani, picha mkononi.

Jailos aliweka randa chini. Maranda yalikuwa yamemjaa nyweleni.

"Tupo! Kamwene, hujambo mpenzi, mbona hukusema unakuja?"

"Usiniite mpenzi, nitakutia aibu mbele ya vijana wako. Huyu nani?"

"Esta. Mwimbaji mwenzetu."

"Endelea."

Jailos akaeleza. Mwalimu Timotheo, mkuu wa kwaya, aliwahi kukaa Nairobi wakati wa vita, na mji ule haujamtoka moyoni kwa hofu mpaka leo. Kabla hawajaondoka aliwapanga uani mwa kanisa, akawatangazia amri. Hakuna kutembea peke yako, hata kwenda dukani. Wawili wawili, mwanamume na mwanamke, mkono kwa mkono tangu mlangoni mpaka mlangoni, maana polisi walikuwa wakidai vipande, yaani vitambulisho, kila kona, na wezi walikuwa wakiwajua wageni kwa kutawanyika. Mkiulizwa, semeni ni mume na mke. Usisimame kuhesabu ghorofa, utateremsha macho ukute mfuko mtupu. Mtu akikuita "ndugu yangu wa Tanganyika", usigeuke, huyo si ndugu yako.

"Kwa hiyo ulisema ni mke wako."

"Mara moja tu, kwa askari."

"Mara moja tu!" Tupokigwe akageukia ukuta, kisha akamgeukia tena. "Jailos, hata mimi ningekuwa mwongo ningetunga hivyohivyo. Nyumba ya Esta iko wapi?"

"Twende nikupeleke."

"Niende na wewe ili mkonyezane? Nionyeshe kwa kidole."

Esta alikuwa uani akimenya viazi. Alikuwa mzuri, na hilo lilimkera Tupokigwe kabla ya salamu. Shingo ndefu, gauni lilelile la maua, sauti ambayo hata ikisema "karibu" ilikuwa kama inaanza wimbo.

"Karibu, dada. Wewe ndiye Tupokigwe."

"Umenijuaje?"

"Siku tano nimesikia habari zako. Najua mpaka unavyouma uzi kwa meno. Keti."

"Sikai. Picha hii nani kaileta kwangu?"

Esta alimenya kiazi kizima kabla hajajibu.

"Mimi. Kuna mpiga picha wa barabarani alitufyatua bila kuuliza, akatupa kadi: lipa, andika anwani, utaipata kwa posta. Jailos akaingia dukani na wenzetu kununua chumvi. Nikalipa. Nikaandika anwani yako."

"Anwani yangu uliipata wapi?"

"Kwake." Esta akafuta mikono kwenye gauni. "Hakukwambia habari ya karatasi? Mwalimu Timotheo alitoa amri nyingine. Kila mtu aandike jina na mahali pa mtu wa kuambiwa, akipotea au akifa mjini kwa watu. Karatasi ya kwako anakaa nayo mwenzako. Sisi wote tuliandika baba, mama, mjomba. Yeye aliandika Tupokigwe, duka la Mhindi, sokoni, Mbeya. Mwalimu akamwuliza, mama yako je? Akasema mama ataambiwa na Tupo."

Tupokigwe sasa alikaa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila kuitazama.

"Hakuniambia."

"Atakuambiaje? Mtu anakaribia kuoa, aanze kutaja kifo chake?"

"Na wewe kwa nini ulinitumia picha, dada? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Macho ya Esta yalijaa maji, akayaacha yakajaa. "Siku tano mwanamume amenishika mkono. Mimi nilikuwa sijawahi kushikwa mkono. Na siku zote tano mdomoni ana jina lako. Nilikuwa na wivu, nikataka na wewe uumie hata siku moja. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, sitashangaa."

Tupokigwe alitaka kumpiga, akataka kumfuta machozi, hakufanya hata moja. Alichukua kisu cha pili kwenye sinia akamenya viazi viwili, vibaya, kwa hasira. Kisha akaondoka.

Jailos alikuwa bado amesimama palepale alipomwacha, randa chini. Kule posta simu za maandishi zingefungwa saa sita, na wote wawili walijua.

"Nimesikia habari ya karatasi," akasema Tupokigwe.

"Ndiyo."

"Mkono nimeusamehe. Neno 'mke' nimelisamehe, nusu. Limebaki moja, na hilo unijibu vizuri, maana posta si mbali." Akainua picha. "Hapa unacheka. Ulikuwa unacheka nini? Ulikuwa unaniwaza mimi?"

Fundi mwingine yeyote angesema ndiyo. Jibu lilikuwa limeshawekwa mezani kwake, la kulichukua tu. Jailos alitazama picha muda mrefu, akajikuna maranda kichwani.

"Hapana," akasema. "Saa ile sikukuwaza. Nilikuwa nimefurahi tu. Tulikuwa tunamaliza kuvuka barabara pana kuliko zote nilizowahi kuona, na hatukugongwa. Nilimfurahia Esta pia, kwa kuwa alikuwa hai na mimi nilikuwa hai. Nikakukumbuka baadaye, tulipofika upande wa pili kabisa."

Ilimwuma. Sitasema haikumwuma. Alilia pale pale mlangoni, mbele ya vijana wa karakana waliojifanya wanatafuta misumari. Jailos hakuthubutu kusogea.

"Ungesema ulikuwa unaniwaza," Tupokigwe akasema, "sasa hivi ningekuwa njiani kwenda posta."

"Na sasa?"

"Sasa posta watafunga bila mimi. Mwache mshenga afike kesho kwa baba na ng'ombe wake. Lakini mjini kwa watu hutakanyaga tena bila mimi, hata ukiitwa na maaskofu."

"Sitakanyaga."

"Na Esta asiimbe kwenye harusi yetu."

Jailos akashtuka hasa, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tupo, yule ndiye sauti ya kwanza ya kwaya nzima. Bila yeye tutaimba kama mbuzi."

Tupokigwe akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akafikiri.

"Basi aimbe," akasema. "Lakini asimame nyuma ya mwimbaji wenu mnene kuliko wote."