Sawa Bibi, Atuite

Kila jioni aliporudi kutoka shuleni, Trinah alivua viatu mlangoni na kuingia ndani polepole, kwa sababu mama yake alikuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa humo humo nyumbani, nyuma ya pazia la buluu. Mama Annah alipokea simu za wanawake waliokuwa wakiomba msaada wa afya. Aliwasikiliza, akawauliza maswali, kisha akawaunganisha na muuguzi au daktari.

Trinah alipenda kufanya mazoezi ya shule karibu na pazia hilo. Sauti ya mama ilimjia laini: "Pole, mama. Nakusikiliza." Kutoka dirishani kwao, juu ya mlima wa Rebero, aliuona ukungu umelala bondeni, na nyumba za ng'ambo zikielea juu yake. Ilionekana kana kwamba wanawake wale wote wanaishi ndani ya ukungu, na sauti zao zinapanda mlima taratibu hadi masikioni mwa mama. Alitamani siku moja naye apokee sauti moja.

Lakini mama alikuwa amemwonya. "Simu ya kazi usiiguse. Humo mna siri za watu na uhai wao."

Walikuwa wamehamia Kigali mwaka ule kutoka Karagwe, Tanzania. Kinyarwanda cha Trinah kilikuwa kidogo, na kila alipokosea, wenzake walimcheka. Basi akajifunza ujanja: asipoelewa neno, alitabasamu, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Yego," yaani ndiyo.

Alasiri moja mvua ilianza ghafla. Mama akakimbia nje kuanua nguo. Simu ya kazi ikalia. Ikalia tena. Trinah aliitazama kama mtu aliye ndotoni, kisha akaiweka sikioni.

"Karibu, nakusikiliza," alisema kwa sauti ya mama.

"Haro! Mimi Mukankusi, iko huku Gitega, hapa Kigali," alisema bibi mmoja kwa haraka. "Umutoni, mke ya kijana yangu, iko naumwa kichwa sana. Macho yake inaona giza. Amerara tu. Atwite!"

Trinah alisikia "atuite", yaani awapigie simu. Alishangaa kidogo. Mtu aliyelala kwa maumivu atapigaje simu? Lakini kuuliza kungeonyesha kwamba hajui. Akatabasamu, kana kwamba bibi anamwona.

"Sawa bibi, atuite."

"Eeh, atwite!"

"Atuite tu, bibi. Hakuna shida."

"Hakuna shida?" Bibi alirudia. "Haya. Kama nyinyi ya daktari mnasema hakuna shida... Murakoze, asante."

Mama aliporudi amekumbatia nguo zilizolowa, simu ilikuwa mahali pake. Trinah alikaa dirishani akingoja Umutoni apige. Mvua ilifuta bonde lote, likabaki jeupe. Ndani ya weupe ule Trinah alianza kumwona mwanamke anapapasa kitandani, anatafuta simu, na macho yake hayaoni.

Simu haikulia.

Aurore, jirani yao aliyesoma naye darasa moja, alikuja kujikinga mvua kibarazani. "We Mtanzania! Mvua ya kwenu ina maji kama hii?"

Trinah aliona aibu, lakini akauliza, "Aurore, 'atwite' ni nini?"

"Nani atwite? Mama yako?" Aurore aliangua kicheko. "Ni mimba, wewe! Atwite, yaani ana mimba. Kila siku yego, yego, kumbe husikii kitu!"

Trinah hakungoja kicheko kiishe. Alifunua pazia.

"Mama, nilipokea simu. Ni bibi wa Gitega. Mkwe wake anaumwa kichwa, macho yanaona giza, na ana mimba. Mimi nikamwambia hakuna shida."

Mama hakumgombeza. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika simu.

"Bibi, ni Annah, wa huduma ya wanawake. Uso wa Umutoni umevimba? Mikono je?"

"Imevimba yote. Lakini mulisema hakuna shida!"

"Tulikosea, bibi. Ni hatari, huenda ni presha ya mimba. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimwache peke yake. Gari la wagonjwa linakuja."

Kisha mama alimpigia simu muuguzi, Médiatrice, akamweleza yote ili gari litumwe mara moja. Trinah alisimama pembeni akisikia jina la Umutoni likirudiwarudiwa, huku mvua ikipungua juu ya bati.

Kesho yake Mukankusi alipiga simu, na mama akamruhusu Trinah asikilize. "Presha imeshuka! Na mtoto amezariwa. Kadogo, kadogo sana, lakini anaria kama king'ora! Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungewakosa wote wawili."

Trinah aliomba msamaha kwa sauti ndogo. Bibi akacheka. "Mwanangu, hata mimi sikukuuliza unasema nini."

Simu ilipokatika, mama alimkalisha Trinah kando yake.

"Uligusa nilichokukataza, na hilo ni kosa. Lakini kosa lililotaka kumuua Umutoni ni lile la kujifanya umeelewa. Mimi wanawake hawa huwauliza neno moja mara mbili, mara tatu. Wengine hunicheka. Wacheke! Kicheko hakijamuua mgonjwa yeyote. Mtu akikuambia jambo likakupita, mwambie hukuelewa. Hebu sema."

"Bibi, sijaelewa," Trinah alinong'ona.

"Gitega ni mbali, hajakusikia."

"Bibi, sijaelewa!"

"Mvua inanyesha huko kwao."

Trinah alivuta pumzi, akageukia dirisha lililokuwa wazi. "Bibi, sijaelewa! Niambie tena!"

Chini barabarani watu wawili waliinua vichwa kutazama. Trinah hakujificha.