Filimbi ya Mzee Eliamini

Saa kumi na mbili asubuhi, filimbi ililia kijijini Akheri. Prrrii! Kuku walitawanyika. Ng'ombe alirusha teke, na ndoo ya Kandida ikapinduka. Maziwa yote chini.

"Baba Tekla! Kuna nini?" Kandida aliita kutoka bandani. "Moto?"

"Hakuna moto," mume wake alijibu. "Ni muda wa kazi."

Jamani! Mzee Eliamini alikuwa amestaafu Ijumaa tu, na hii ilikuwa Jumatatu. Miaka mingi alikuwa nyapara wa shamba kubwa la kahawa, upande wa Tengeru. Akipiga filimbi, watu wanapanga mstari, naye anawagawia kazi. Alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Sasa yupo nyumbani kutwa, filimbi shingoni, na wa kupangwa mstari ni mke wake na kuku.

Siku ile Kandida alicheka. Alimpenda mzee wake. "Atazoea," alijiambia.

Wapi! Mazoea yana taabu. Kesho yake mzee alihamisha majembe yote. Kisha akabadilisha saa ya kukamua, na ng'ombe akapunguza maziwa. Akamfuata Kandida hadi jikoni kumwelekeza namna ya kupanga kuni. Kandida akaanza kupika mlango umefungwa.

Lakini moyoni mzee alikuwa na huzuni, na hakumwambia mtu. Akiona gari la wafanyakazi likipita barabarani, alilitazama mpaka likapotea. Kule shambani walimwita Mkuu. Hapa nyumbani kila kazi ilikuwa na mwenyewe, na yeye hakuwa na kazi hata moja.

Wiki iliyofuata Kandida alikwenda mjini, mtaa wa Sakina, kumwona binti yao Tekla. Tekla alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa karibu kujifungua. Mzee alibaki na panga lake. Aliingia kwenye migomba ya mke wake, akatikisa kichwa. Mmoja huku, mwingine kule!

"Shamba gani hili?" alisema. "Mama Tekla akirudi atafurahi."

Akafunga kamba, akanyoosha mstari kama wa kahawa. Kila mgomba uliosimama nje ya kamba aliukata, akaung'oa na shina lake.

Kwao kila mtu anajua: kahawa ni ya baba, ndizi ni ya mama. Mzee naye alijua. Lakini mkono uliozoea kuamuru haukukumbuka kuuliza.

Kandida alirudi jioni. Hakupiga kelele. Aliinama, akaokota mkungu mchanga wa mshare, ndizi za kupikia supu ya mtori.

"Huu mshare," alisema polepole, "mama yangu alinipa mche wake nilipoolewa. Niliubeba kutoka Kilimanjaro. Mkungu huu nilikuwa namtunzia Tekla, wa mtori wake wa uzazi."

"Mke wangu, sikujua."

"Hukuuliza."

Machozi yalimtoka. Akayafuta kwa kanga.

"Tekla alikuwa aje kujifungulia hapa. Sasa nitakwenda mimi kwake. Kurudi, sijui. Nyumba hii ina nyapara, Baba Tekla. Haina mume."

Mzee aliogopa. Alikuwa amepoteza kazi. Je, ampoteze na Kandida?

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake Koikai, askari magereza mstaafu. Alimkuta amekaa nje ya jiko, anamenya viazi. Akamweleza yote. Koikai alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

"Usinicheke, bwana!"

"Najicheka mwenyewe! Mimi nilipostaafu, nilikuwa nafunga geti jioni na kuhesabu watu. Siku moja mke wangu akaniambia, 'Afande, kifungo changu kinaisha lini?'"

Mzee akacheka bila kutaka. Kisha akaketi kando yake.

"Koikai, naona kama nimekwisha."

"Hujaisha. Kazi huisha siku moja, lakini mazoea yake hayaishi siku hiyo. Unasikitika, na si aibu. Ulimwambia mkeo?"

"Sikumwambia."

"Mwambie. Hatuwezi kuona kilicho moyoni mwako. Halafu elewa jambo hili. Wewe nyumba yako uliijua jioni tu. Mchana wake ni wa Kandida, tangu zamani. Kwenye mchana huo wewe ni mgeni, na mgeni hahamishi vyungu."

"Sasa nikae tu kama gogo?"

"Nani kasema ukae? Ukikaa utaugua. Omba kazi. Chagueni pamoja, ipi yako, ipi yake, ipi ya wote. Na utoke kidogo kila siku. Tembea, onana na wenzako, mwache mama naye apumue. Mazungumzo haya mngeyafanya kabla hujastaafu. Lakini hujachelewa. Fahali wawili hawakai zizi moja, bwana, ila mume na mke si mafahali."

Mzee alirudi nyumbani. Alivua filimbi, akaiweka mkononi mwa Kandida.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Kazi imeisha, na mimi nimeshindwa kuacha. Nasikia upweke. Nimekuharibia mshare wa mama. Nipe kazi. Nifundishe."

Kandida aliifunga filimbi kwenye pindo la kanga. Hakuwahi kumsikia akisema "nifundishe".

"Kata majani ya ng'ombe," alisema. "Na usinipangie mstari."

Kandida alipekua lundo la migomba iliyong'olewa. Kwenye shina la mshare alikuta chipukizi bado lina uhai. Akalipanda palepale, nje ya kamba. Mzee alichota maji, akalimwagilia.

Wakaelewana. Kazi ya majani ya ng'ombe na mibuni michache ya zamani ikawa ya mzee. Jikoni aliingia akiitwa. Alasiri alitembea na Koikai. Ng'ombe akarudishiwa saa yake, na maziwa yakarudi.

Kandida hakuhamia Sakina. Tekla alikuja Akheri, akajifungua salama zahanati, mtoto wa kike. Mzee alikwenda mwenyewe soko la Maji ya Chai kutafuta mshare mzuri. Akamenya ndizi mwenyewe, utomvu ukavitia vidole vyake weusi. Kandida akamwelekeza hatua kwa hatua.

"Mtori huu kapika nani?" Tekla aliuliza, akiomba bakuli jingine.

"Kibarua wangu," alisema Kandida.

Siku chache baadaye, mzee alikuwa kwenye mibuni yake. Ghafla, prrrii! Filimbi ililia kutoka kwenye migomba. Alitupa mundu, akakimbia.

"Mama Tekla! Kuna nini?"

Kandida alikuwa amesimama na mjukuu kifuani, filimbi mdomoni, anacheka. Alionyesha chini. Chipukizi la mshare lilikuwa limefungua jani jipya, bichi kabisa.

"Nimekuita ulione," alisema. "Nisingependa kuliona peke yangu."

Mzee alichuchumaa pale, nje ya mstari, akaligusa jani kwa kidole chake cheusi.