Mwite Sumeya

Haya yalimpata mtoto wa dada yangu, kwa hiyo sitayapamba. Yalianza Jumanne ya kawaida, muhula wa pili, baada ya chakula cha mchana cha githeri. Nilikuwa kazini katika maabara ya kompyuta ya shule moja ya wasichana ya bweni, nje kidogo ya Kitale, upande wa kwenda Moi's Bridge. Naitwa Wekoye. Kazi yangu ni kuwasha kompyuta ishirini na nne asubuhi, kuzizima jioni, na katikati ya hapo kuwanyima wasichana kila wanachokitaka.

Nilifunga video. Nikafunga michezo, nyimbo, soga na magazeti ya udaku. Msichana akitafuta kitu kisicho cha masomo, skrini inamwambia ukurasa umezuiwa. Lakini hawakosi njia hao. Wapo waliobandika anwani ya video kwenye tovuti ya kutafsiri ili mfumo udhani wanasoma Kifaransa. Wapo waliobadilisha saa ya kompyuta iwe Jumapili, siku ambayo vizuizi hulegezwa. Nikiziba tundu moja, kesho wametoboa jingine, na kusema kweli niliwapenda kwa hilo.

Tundu moja sikuliziba, la Sumeya.

Sumeya Abdishakur alikuwa msichana wa mtaa wa Tuwan mjini Kitale, kidato cha tatu, aliyenisaidia maabara. Nilimfungulia akaunti isiyo na kizuizi chochote ili aweze kupakua programu nikiwa na shughuli nyingine. Mwaka juzi, likizo ya Desemba, aliugua, akafariki kabla shule hazijafunguliwa. Nilipaswa kuifuta akaunti yake. Mwanzoni nilishindwa kwa huzuni. Baadaye ulikuwa uvivu tu.

Kumbe nywila yake alikuwa amempa rafiki, na rafiki akampa rafiki. Ilikuwa jina lake mwenyewe. Unaandika Sumeya juu, unaandika Sumeya chini, kila kitu kinafunguka. Kufikia muhula ule shule nzima ilikuwa ikiitumia, hata watoto wa kidato cha kwanza ambao hawakuwahi kumwona. Walikuwa na namna yao ya kulisema jambo hilo. Mmoja ananong'ona, "Umemwita?" Mwenzake anajibu, "Amekuja." Nilikuwa nikiwasikia kutoka mezani kwangu, nikijifanya nasoma barua pepe.

Mtoto wa dada yangu, Nakhumicha, alikuwa kidato cha pili. Mimi ndiye niliyemtoa Bumula nikamleta pale. Mama yake, Phelista, ni mjane na hana mtoto mwingine, na nilimwahidi kwamba nitamtunza. Alikuwa mtoto mwenye mdomo. Wengine wote waliniita mwalimu, ingawa si mwalimu, lakini yeye aliniita khocha, yaani mjomba kwa Kibukusu, tena kwa sauti, ili wenzake wajue ana mtu.

Jumanne hiyo wenzake walikuwa wametoka kwenda uwanjani kwa michezo. Alibaki peke yake amalizie kazi ya jiografia. Baada ya muda alikuja mezani kwangu, akainama.

"Khocha, si mimi nimemwita," alinong'ona. "Nimekaa tu hivi. Amekuja."

Nilikwenda kuangalia. Jina la Sumeya lilikuwa juu ya skrini, na kompyuta ilikuwa wazi bila kizuizi. Nilimwambia kuna aliyesahau kufunga. Akasema ile kompyuta ilikuwa imezimwa, ameiwasha yeye. Nilimwambia aende michezo, nami nikaizima kwenye swichi ya ukutani.

Jumatano mwalimu wa darasa alisoma rejista. Nakhumicha hakuitikia, na alikuwa amekaa dawati la mbele. Mwalimu akasoma mara ya pili. Yeye alimtazama tu kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu ya jina lake ifike.

Alhamisi alianza kulia. Hakutoa kwikwi wala sauti. Machozi yalimtoka tu, darasani, mezani, hata usingizini. Muuguzi wa shule alimpa dawa za malaria. Niliposimama mbele yake, hakuniita khocha. Hakuniita chochote. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikampeleka nyumbani Bumula.

Kwetu, mtoto mchanga akilia bila sababu, bibi humpakata na kuanza kutaja majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atanyamaza likitajwa, hilo ndilo lake. Mwenye jina amepatikana, na jina haliondolewi tena. Nakhumicha alikuwa na miaka kumi na sita, lakini mama yetu, ambaye sote tunamwita Kukhu, hakuwa na dawa nyingine. Jumamosi baada ya chakula alimkalisha kwenye kochi, akamshika mkono, akaanza.

"Nasimiyu," Kukhu aliita. Machozi yaliendelea. "Wabwile." Yaliendelea. Alitaja ndugu, binamu, na watoto waliokufa wakiwa wadogo hata hawakuwa na picha. Saa nzima ilipita. Phelista alikuwa amekaa chini, ameegemea miguu ya mtoto wake. Kola ya sare ya Nakhumicha ilikuwa imelowa.

Nilijua ni jina gani. Sitasingizia kwamba lilinitoka. Nilichoka kuyaona yale machozi, nikataka yaishe.

"Sumeya," nilisema.

Machozi yalikatika. Msichana alinigeukia.

"Abee, mwalimu," alisema.

Hakuna anayeitikia abee Bumula. Shuleni pia alikuwa mmoja tu.

Alisema ana njaa. Alikula sahani mbili, akatandika kitanda, akalala vizuri. Phelista alinishukuru hadi nikaona aibu. Kukhu ndiye aliyenivuta kando, nyuma ya jiko.

"Wewe ndio umempatia jina," alininong'oneza. "Na hata hatujui kwao."

Mimi nilijua kwao. Jumapili nilirudi Kitale, nikaenda Tuwan, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mama yake Sumeya, Bi Hawo, alinikaribisha, akanipa chai ya tangawizi. Nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze, au alie, au aniambie anataka kumwona msichana huyo. Angalau mojawapo.

"Mtoto wangu nilimwosha mimi mwenyewe," alisema polepole. "Tukamzika, tukamwombea. Nyinyi huko mlikuwa mnamwita mara ngapi?"

Nilikuwa nimeangalia kwenye kumbukumbu za mfumo. Mara elfu kumi na moja na ushee.

Bi Hawo alitazama kikombe chake.

"Alikuwa mtoto mtiifu," alisema. "Ukimwita, anakuja."

Aliniomba kitu kimoja tu, nilifute jina la mtoto wake mahali pale. Jumatatu asubuhi nikalifuta. Ilichukua sekunde nne. Nilimpigia Phelista simu, nikamuuliza msichana anaendeleaje. Akasema anafagia uwanja. Nikamwambia amwite Nakhumicha. Nilimsikia akiita mara tatu, kisha sauti ya ufagio tu. Nikakata simu.

Saa nane mchana siku hiyohiyo, ombi liliingia kwenye skrini yangu.

Mwanafunzi akizuiwa, mfumo unamwachia kisanduku cha kuandika sababu yake, kisha ombi linakuja kwangu likiwa na vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Wasichana hawakitumii, maana wanajua jibu. Hili lilitoka kompyuta ya tisa. Maabara ilikuwa tupu. Akaunti ilikuwa ya Nakhumicha. Sababu iliyoandikwa ilikuwa hii.

"Khocha ni mimi. Nifungulie."

Nikabonyeza Ruhusu. Nani asingebonyeza?

Dakika chache baadaye Phelista alipiga. Machozi yameanza tena, alisema. Sasa ameanguka uwanjani, anatetemeka, hamtambui mtu. Ukimwita Nakhumicha anafungua mdomo, ukimwita Sumeya anafungua mdomo, na jibu halitoki. Walimpeleka hospitali Bungoma, akawekewa maji. Siku tatu hakula. Madaktari walipima damu, wakapima kichwa, hawakuona kitu. Siku ya tatu mapigo ya moyo yalianza kushuka, Kukhu akaomba simu, nikamweleza lile ombi na nilichobonyeza.

"Wawili hawatoshi mle ndani," aliniambia. "Umerudisha wetu, na yule hajatoka. Wataua huyo mtoto. Ondoa mmoja."

Nikamuuliza nimwondoe nani. Ni yule mgeni ndiye niliyetaka kumwondoa, lakini akaunti yake nilikuwa nimeshaifuta, na sikuwa na kitufe kingine cha kumgusa. Nilichokuwa nacho ni kimoja, cha Nakhumicha. Nikamwambia Kukhu hivyo. Halafu Phelista akaichukua simu.

"Mimi nataka mtoto apumue tu," alinong'ona. "Ataitwa vile anataka kuitwa, bana. Rudisha nyuma ile kitu ulifanya."

Ombi lilikuwa bado pale. Nikalibadilisha, nikabonyeza Kataa. Kabla simu haijakatika nikasikia sauti ya msichana ikiomba chai.

Yuko Bumula hadi leo. Amenenepa kidogo. Anamsaidia Phelista kuuza nyanya sokoni, anajifunika kichwa, na wateja wanampenda kwa heshima yake. Phelista anamwita Sumeya, tena kwa upole. Nikienda kuwaona ananiletea maji ya kunawa na kuniita mwalimu. Anauliza kompyuta zinaendeleaje. Nasema vizuri.

Nilijaribu kuifuta akaunti ya Nakhumicha, mfumo ukasema haiwezi kufutwa, inatumika. Ombi linaingia kila siku ya shule, saa nane kamili, kutoka kompyuta ya tisa ambayo hakuna anayeikalia. Maneno ni yaleyale. Zamani nilikuwa nikiyasoma tena na tena. Siku hizi nayasoma mara moja tu, nabonyeza Kataa, kisha nachukua kitambaa naenda kupangusa kibodi kabla wasichana wa saa nane na nusu hawajaingia. Huwa imelowa.