Zuwena Aliyeitika

Kila siku ya shule Zuleikha hufika nyumbani saa saba na robo mchana. Basi humshusha yeye na mdogo wake Idrisa kwenye kona ya dobi, mtaa wa Najma jijini Doha, nao hukimbia jua mpaka kwenye mlango wa jengo lao. Wakifika ghorofa ya pili huvua viatu, husalimu, hunawa mikono, kisha hula. Mama yao Mwajuma hataki kusikia habari za shule kabla sahani hazijawa tupu.

Alhamisi moja walikuwa bado mezani mlango ulipogongwa. Ilikuwa Alhamisi ya mapumziko ya Mama, ambaye ni msimamizi wa usafi katika hoteli. Aliyeingia alikuwa Jeptoo, Mkenya wa ghorofa ya nne, muuguzi kwa masomo. Kwa miaka mitatu alikuwa akimtunza bikizee mmoja nyumbani kwake, na bikizee huyo alikuwa anahamia kwa mwanawe nje ya nchi. Mkataba wa Jeptoo ungekwisha mwisho wa mwezi, na bila kazi nyingine angelazimika kurudi Kenya.

Alikuja na habari njema. Zahanati moja ilikuwa imekubali kumfikiria kwa kazi ya uuguzi, kazi aliyoisomea. Ilitaka nakala za vyeti vyake vyote kabla ya saa tisa alasiri siku hiyo hiyo. Simu yake ya zamani ilikufa maji mwezi uliopita pamoja na picha zake zote, na vyeti vyenyewe vilikuwa Eldoret, kwenye sanduku la mama yake. Lakini hakuwa na wasiwasi. Mwaka uliopita, kabla hajavirudisha kwao, Mwajuma alimsaidia kuvipiga skani na kuvihifadhi hapo hapo kwake.

"Niko na saa moja na nusu, Mama Zuleikha," alisema. "Ni kuvitoa tu na kuvituma."

Vyeti hivyo vilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza ya televisheni. Baba yao Nassoro alipoileta nyumbani aliipa jina Zuwena, jina la marehemu mama yake wa Tanga, kwa sababu bibi huyo alikuwa mtunza vitu wa ukoo mzima. Skrini yake ilikufa mwaka juzi, na matundu yake ya kizamani hayakukubali waya wa televisheni, lakini ndani ilikuwa nzima. Ikageuka kabati la faili. Aliyetaka kitu alifungua laptopu ya Mama, akalitafuta jina Zuwena kwenye mtandao wa nyumbani, na folda zote zikatokea.

Mama alilibonyeza jina hilo. Zuwena aliitika mara moja, ila ndani hamkuwa na kitu. Hapakuwa na folda ya vyeti, wala ya picha za harusi, wala ya karatasi za pasipoti. Alifunga, akafungua tena. Patupu.

Zuleikha aliacha kutafuna. Yeye alijua jambo ambalo wengine hawakulijua.

Shangazi yake Aisha, aliporudi Tanga moja kwa moja, alimwachia laptopu yake. Baba aliikagua, akasema isiunganishwe na mtandao wa nyumbani mpaka yeye atakaporudi kutoka kazini Dukhan, anakoendesha basi la wafanyakazi kwa wiki mbili mfululizo. Zuleikha alivumilia siku nne. Jumanne mchana alichungulia neno la siri nyuma ya kile kisanduku cha waifai, akaunganisha. Laptopu ilipomwuliza iitwe nani, hakufikiri sana. Akaandika Zuwena.

Kwao majina hurithiwa. Bibi akifariki, mjukuu hupewa jina lake ili lisipotee, na hakuna anayeshangaa kukuta Zuwena watatu katika ukoo mmoja. Zuleikha alikuwa na donge la siku nyingi kwamba jina la bibi alipewa binamu yake wa Tanga wala si yeye. Aliona kuipa laptopu jina hilo ni heshima, na kidogo pia ni kulipiza. Kwamba mashine zina adabu yake na binadamu wana yao, hilo hakuna aliyewahi kumweleza.

Mama alimpigia simu Kioko, fundi wa kompyuta mwenye kibanda kando ya bakala, duka la vyakula, pale chini. Kioko alipanda ngazi na mkoba wake, akasalimia, akaketi mbele ya laptopu ya Mama. Ni mtu wa Kitui, mpole, asiyependa kugusa kitu kabla hajauliza maswali.

"Hii nyumba iko na mashine ngapi kwa hii network?" aliuliza.

Mama alijibu kwamba ni mbili tu, hiyo laptopu yake na ile kuukuu. Ya Zuleikha ilikuwa haijaunganishwa bado, baba yake alikataza. Kisha akamgeukia binti yake. "Sivyo, Zule?"

Laptopu yake ilikuwa chumbani, juu ya kitanda, imewashwa tangu asubuhi ikipakua katuni. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Jibu la kweli lingechukua muda wa kunywa funda moja la maji.

"Haijaunganishwa," Zuleikha alisema.

Kioko akaamini, kama fundi yeyote anavyomwamini mwenye nyumba. Alizima kisanduku cha waifai akakiwasha tena. Akakagua mipangilio ya kushirikiana faili, akajaribu laptopu yake mwenyewe, akakuta yale yale: Zuwena anaitika, mikono mitupu. Ikagonga saa nane. Alisema hajui, lakini kwa jinsi inavyoonekana, mashine iko hai na mizigo yake imefutwa. Akauliza kama kuna mtu aliyegusa kitu.

Mama alimtazama Idrisa. Idrisa ana miaka tisa na jina baya katika mambo ya kompyuta. Jana yake alikuwa amekutwa akicheza mchezo wa mpira kwenye laptopu ya Mama bila ruhusa, na mwizi wa jana ndiye huulizwa ya leo. Alikana. Mama akamwuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, ile ambayo watoto wake huiogopa kuliko makelele. Akakana tena. Kioko naye akamwuliza kwa upole alibonyeza wapi na wapi; mtoto akajaribu kukumbuka, akachanganyikiwa.

Zuleikha alikuwa amesimama karibu na pazia. Alijiambia kwamba pengine laptopu yake haihusiki. Alijiambia pia kwamba akisema sasa ataonekana mwongo, kwa kuwa ameshakana. Aliona aibu, na kila dakika iliyopita aibu iliongezeka uzito badala ya kupungua.

Saa nane u nusu Kioko alifunga mkoba. Lililobaki, alieleza, ni kuichukua ile kuukuu kibandani, kuifungua na kujaribu kuokoa kilichofutwa. Kazi hiyo haingekwisha kabla ya Jumamosi.

Jeptoo hakulia. Alikaa kwenye kochi, akaweka mikono magotini. "Ni sawa," alisema. "Nitaambia mamangu narudi."

Kisha Idrisa, ambaye hakuna aliyekuwa akimwuliza tena, alisema polepole, "Labda ni mimi. Labda nilibonyeza bila kujua. Samahani, anti Jeptoo."

Zuleikha alimwangalia mdogo wake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuwa akijitetea tena. Alikuwa anaomba msamaha kwa dhati. Hilo Zuleikha hakuliweza.

"Si yeye," alisema. "Nimeunganisha laptopu yangu. Toka Jumanne. Na nimeipa jina la Bibi."

Kioko ndiye aliyeinuka wa kwanza.

"Jina gani hasa?"

"Zuwena."

"Iko wapi?"

Aliileta. Kioko aliitazama mara moja tu, akatikisa kichwa, na hata uso wake ukalegea. Aliikata kwenye mtandao, akaibadilisha jina, akaizima. Huku vidole vikifanya kazi alieleza. Kwa mtandao mashine haina sura, ina jina tu. Zikiwa mbili na jina moja, ile iliyowahi ndiyo inayoitika, na nyingine hunyamaza. Jana asubuhi mafundi wa jengo walikata umeme kwa muda; ile ya Zuleikha ilibaki macho kwa betri. Ile kuukuu ilipoamka ilikuta jina lake limeshachukuliwa. Kwa hiyo muda wote walikuwa wakibisha hodi kwa Zuwena mdogo, ambaye kweli hakuwa na kitu, na Zuwena mkubwa amekaa pale chini ya meza na vyeti vyake vyote, hakuna anayemwita.

Alizima ile kuukuu, akaiwasha. Wakasubiri taa yake ya kijani itulie. Akabonyeza jina.

Folda zilitokea zote, safu kwa safu.

"Kwa hiyo si mimi?" Idrisa aliuliza.

Hakuna aliyemjibu, maana Jeptoo alishakaa kwenye kiti na kuanza kuvitoa kimoja kimoja. Cheti cha kidato cha nne, cha uuguzi, leseni, barua za kazi. Alivituma saa tisa kasoro dakika sita. Wakatazama skrini wote pamoja mpaka zahanati ilipojibu kwamba imepokea na kwamba angepewa siku ya mahojiano. Jeptoo akafunika uso kwa viganja, na sasa ndipo alipolia. Mwajuma alimshika bega na kumwacha alie.

Walipoondoka wageni, Mama hakupandisha sauti. Alimketisha Zuleikha mezani, akamwita na Idrisa aketi pia.

"Kuunganisha bila ruhusa ni kosa, na baba yako utamwambia mwenyewe kesho akirudi," alisema. "Laptopu itakaa juu ya kabati mpaka yeye aamue. Jina la Bibi sikulikasirikia. Hukujua, na mtu hufundishwa. Lakini fundi alikuuliza kitu kimoja tu, na ungemjibu kweli, ile kazi ya saa moja na nusu ingekuwa ya dakika kumi. Umeona ilivyokuwa?"

"Nimeona, Mama."

"Hujaona yote. Mimi pia nimekosa, nimembana mtoto kwa kuwa jana alinikosea. Idrisa, unisamehe." Idrisa aliinamisha kichwa, hajazoea kuombwa radhi na mkubwa. Mama akamgeukia tena binti yake. "Kosa ukilinyamazia halikai pale ulipoliacha, Zule. Linatafuta mtu wa kumwangukia, na humwangukia aliye mdogo. Laptopu yako Kioko ameibadilisha jina kwa dakika moja. Mdogo wako ulimwacha mpaka akakubali kwamba mkosaji ni yeye. Hilo mimi siwezi kulibadilisha, wala Kioko. Ni wewe."

Zuleikha aligeuka. Idrisa alikuwa akikwaruza kucha kwenye kitambaa cha meza.

"Si wewe," alimwambia. "Ni mimi, na nilijua tangu mwanzo. Nisamehe."

Idrisa alifikiri kidogo. "Mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ni mimi," alisema.