Sambusa Sitini Kabla ya Adhana

Ruqayya alikuwa na miaka sita. Leo alipewa kazi ya kweli jikoni: kubeba sinia.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mtaa mzima ulifuturu pamoja, na leo ilikuwa zamu ya nyumba yao kupika. Sambusa sitini, kabla ya adhana ya magharibi.

Mama alikata manda za kufungia nyama, nyembamba kama karatasi. Kaka Swaleh alikunja na kujaza nyama.

Bibi alifunga mdomo wa kila sambusa kwa uji mzito wa unga. Shangazi Nuru alikaanga.

Na Ruqayya? Tap, tap, tap. Sinia mkononi, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Kata, jaza, funga, kaanga!

Lakini karai la Shangazi halikuwa na sambusa hata moja. Mafuta yalichemka bure.

Shangazi akawaambia wakaze mikono, jua linashuka. Mama akakata haraka. Swaleh akajaza haraka zaidi, akajisifu kwamba yeye ni mashine.

Tap, tap, tap. Kwa Shangazi, sinia tupu.

Tap, tap, tap. Kwa Bibi, mlima wa sambusa! Za chini zilianza kukauka na kupasuka.

Bibi hakuwa mvivu. Alibana kila pembe taratibu, maana pembe ikiwa wazi, sambusa hunywa mafuta.

Ruqayya alichungulia dirishani. Jua lilikuwa limegusa paa la jirani.

Akaweka sinia chini.

"Kaka, acha kujaza. Kwa Bibi kumejaa."

"Niache mimi? Mimi ndiye mwenye kasi humu ndani."

"Kasi yako inamzika Bibi."

Bibi akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

Mama akaweka kisu. Swaleh akaweka kijiko. Wakaketi karibu na Bibi. Ruqayya akapaka uji wa unga, wao wakabana.

Sambusa ya kwanza ya Swaleh ikafunguka.

"Hiyo inacheka, meno yote nje," Bibi alimtania mjukuu wake. "Bana tena, mume wangu."

Paka, bana. Paka, bana. Mlima ukawa kilima. Kilima kikawa kichuguu.

Shaaa! Karai likaimba.

Tap, tap, tap. Ruqayya akasimama tena.

"Sasa kwa Shangazi kumejaa."

Safari hii hakuna aliyebisha. Mama akabandika karai la pili.

Shaaa! Shaaa!

Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini!

Shangazi Nuru akapiga vigelegele. Wakatoka mbio nje, kwenye jamvi, majirani wakasogea kuwapisha.

Sinia lilipotua tu, adhana ikalia.

Watu wakala tende, kisha sambusa, moto moto, kavu, hazikunywa mafuta hata tone. Jirani mmoja akauliza nani mpishi. Bibi akasema wapishi walikuwa wengi, lakini aliyeona kazi inakwama wapi ni mmoja.

Ruqayya hakusikia. Alikuwa amelala pajani mwa Bibi, shavu moja bado limejaa sambusa.